Mwenye Nyumba ya Reale Nne

Mgeni akifika Mikindani, kabla hajaonja hata maji ya dafu, atapelekwa kwenye nyumba ya Livingstone. Iko karibu na bahari, ni kuukuu, ina mlango wa nakshi, na ukutani pana kibao. Kibao chenyewe kina adabu zake: hakisemi kwamba yule daktari Mskochi alikaa humo, kinasema inasadikika kwamba alikaa. Vijana wanaotembeza wageni hawana subira na neno hilo. Kwao alikaa, alilala chumba cha juu, na asubuhi aliiangalia bahari kwa dirisha lile pale. Nimewahi kumsikia mmoja akieleza hata upande alioelekeza kichwa usiku.

Hadithi hii imenichosha. Kwanza, siamini kwamba nyumba yenyewe ilikuwapo mwaka 1866. Hata baadhi ya vitabu vya kuongoza watalii vimeshakiri kwamba huenda jengo ni la baadaye, na mtu akiangalia majengo ya ghorofa ya Mikindani ataona ni ya mji uliokwisha kupata fedha, fedha za mpira wa mwituni na za biashara iliyostawi mwishoni mwa karne ile, chini ya bendera ya Sultani na kisha ya Mjerumani. Lakini hilo ni dogo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa miaka yote tumekuwa tukibishana kama mpangaji alilala humu au nyumba ya pili, na hakuna anayeuliza kuhusu mwenye nyumba.

Maana mwenye nyumba alikuwapo. Livingstone mwenyewe anatuambia. Katika shajara yake ya safari ya mwisho, iliyohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874, anaandika kwamba alipofika Mikindani tarehe 24 Machi 1866 alikodi nyumba kwa dola nne kwa mwezi, akashusha humo mizigo yake yote kutoka jahazini. Dola za pwani wakati ule ni reale. Reale nne zilitoka mkono mmoja zikaingia mkono mwingine. Mkono wa kwanza una makaburi mawili, moyo Chitambo na mwili London, una sanamu, na una mji wa Malawi ulioitwa Blantyre kwa heshima ya kijiji alikozaliwa. Mkono wa pili hauna hata jina.

Tusirukie huko kabla ya kuutazama mji. Mikindani haikuanza na Mzungu wala Mwarabu. Watafiti wa mambo ya kale, akiwamo Amandus Kwekason wa Makumbusho ya Taifa na Mmarekani Matthew Pawlowicz, wamezunguka mwambao huu wa kusini wakiokota vigae, na vigae vinasema watu wamekaa na kupika hapa tangu zama za wafua chuma wa mwanzo, karne nyingi kabla ya Kilwa kujulikana. Tena vinasema jambo ambalo wapenzi wa magofu hawalipendi. Kwa muda mrefu, wakati Kilwa inajaza makabati yake vyombo vya Uchina, Mikindani ilikuwa na vitu vichache sana vya ng'ambo, na ufinyanzi wake ulifanana zaidi na wa bara. Mji ulikuwa umegeuza uso kwa jamaa zake wa nyuma, Wamakonde na wengine wa kule juu, na haukuona haya. Ndiyo maana hauna msikiti mkubwa wa matumbawe wa kupigia picha, na ndiyo maana, nadhani, tumeukodishia Livingstone.

Basi turudi Machi 1866. Livingstone hakuwa amekusudia kuja Mikindani. Alikuwa akiutaka mto Ruvuma. Mara mbili alikwisha kujaribu: mwaka 1861 alipanda na meli ya *Pioneer* pamoja na Askofu Mackenzie, maji yakapungua, wakarudi kwa hofu ya kukwama, mwaka 1862 akarudi na mashua, akasonga maili zaidi ya 100 mpaka miamba ilipomkatalia. Mara ya tatu alitoka Unguja na manowari ya Kiingereza, *Penguin*, iliyokuwa chini ya Luteni Garforth, na jahazi la wanyama nyuma. Walipofika mdomo wa Ruvuma wakakuta tope na mikoko. Anayeujua mdomo ule hatashangaa. Mto unafika baharini umechoka, umejigawa mifereji na mafungu ya mchanga yanayohama, na kando zote ni mikoko iliyoshikamana mizizi. Mtu mmoja mwenye mtumbwi atapenya, lakini ngamia hapenyi.

Alikuwa na ngamia sita, nyati wa Kihindi watatu na ndama, nyumbu wawili na punda wanne. Alitaka kuona kama wanyama wa namna ile wangeweza kustahimili mbung'o, ili wachukuzi waachwe kubebeshwa mizigo. Wazo si baya. Lakini wanyama wale walihitaji mahali pakavu pa kukanyaga, na ndipo walipogeuza kaskazini maili kama 25 mpaka Mikindani. Mji wetu ulikuwa chaguo la pili. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaopenda kusema kwamba Livingstone aliichagua Mikindani kwa uzuri wake.

Uzuri aliuona alipofika, hilo sikatai. Aliisifu bandari, akaifananisha na shupaza ya karata, mlango mwembamba ukiwa ndio kishikio. Ukisimama juu ya kilima cha nyuma ya mji, kile ambacho bado kinaitwa Bismarck, utaona hakukosea: maji yanaingia kwa koo jembamba, kisha yanapanuka duara, tulivu hata wakati wa kusi. Mji umejibana kati ya kilima na maji. Aliona pia masalio ya nyumba za mawe na matumbawe za watu waliotangulia, ishara kwamba mji ulikwisha kupanda na kushuka kabla yake.

Watu wa mji hakuwasifu. Aliwaandika kuwa ni Waarabu duni wa pwani, robo tatu Waafrika, waliorithi mabaya ya pande zote mbili na kuacha mazuri. Maneno haya hayamo kwenye kibao. Ushahidi wake ni upi? Kwamba baadhi yao walimjia wakimwomba brandi, wakacheka, wakasema wanaweza kuinywa kwa siri lakini si hadharani. Kila nisomapo ukurasa huo nacheka mimi pia, kwa kuwa watu hao nawajua. Nimewaona msimu wa mabibo. Jioni wamekaa barazani na kanzu safi wakizungumza habari za mirathi, na saa mbili baadaye wamepotelea nyuma ya mikorosho kwa mama mwenye uraka. Livingstone aliona unafiki. Mimi naona watu wanaojua mipaka ya mji wao na namna ya kuipita bila kuivunja. Kwa haki yake, aliongeza kwamba angalau watu wa Mikindani hawakuifanya pombe kuwa bidhaa ya biashara, kama Wakristo walivyofanya pwani ya magharibi.

Mwenye nyumba alikuwa nani, basi? Nyaraka zilizochapishwa hazimtaji, lakini hali ya mji inatupa njia ya kumkaribia.

Mikindani ya 1866 ilikuwa mji wa Sayyid Majid wa Unguja. Forodha za pwani yote zilikuwa zimekodishwa kwa nyumba ya Kihindi ya Jairam Sewji, na wakala wake mkubwa pale Unguja alikuwa Ludha Damji, ambaye Livingstone alimjua vizuri. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumshuku ni Mhindi wa forodha. Mgeni mwenye barua ya Sultani angeelekezwa kwake, na kodi ya reale nne kwa mwezi inanukia daftari. Wa pili ni mfanyabiashara Mwarabu au Mswahili mwenye nyumba ya kuwekea mali inayosubiri jahazi. Wa tatu ni mwenyeji hasa, mmoja wa wale wenye makaburi ya mababu hapo, aliyehamia kwa dada yake wiki mbili ili apate fedha taslimu.

Mimi naegemea wa pili, na sababu yangu ni majira. Machi mwisho ni masika. Misafara ya bara hushuka kiangazi, pembe na sandarusi zikija na wachukuzi njia ikiwa kavu. Wakati wa mvua ghala la pwani lina buibui na popo tu. Mwenye ghala tupu akimwona Mzungu anashusha marobota ya nguo na shanga, atamfungulia mlango. Tena Livingstone haandiki kwamba nyumba ilikuwa ya kulala. Anataja nyumba na mizigo katika pumzi moja. Yawezekana kwamba tunachokitafuta siku zote ni stoo.

Hapa sitaki kuipamba hadithi. Ghala la Mikindani la miaka ile, pamoja na pembe na sandarusi, liliweza kuweka watu. Njia ya Ruvuma ilikuwa njia ya watumwa, na miezi mitatu baadaye, Juni, Livingstone huyo huyo aliyaona huko ndani ya nchi maiti za waliofungwa na kuachwa njiani. Mwenye nyumba yetu hakuwa lazima mtu mwema. Wageni huonyeshwa pia jengo linaloitwa soko la watumwa, ambalo matao yake yalizibwa kuta na kufanywa maduka. Sina imani kwamba kuta zile ziliona mnada. Sultani wa baada ya Majid, Sayyid Barghash, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa tarehe 5 Juni 1873, na jengo lile linanikaa machoni kama la baada ya hapo. Biashara yenyewe hainipi shaka. Iliendeshwa kwenye nyua za nyumba kama hiyo ya reale nne, bila tao wala kibao, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka kumjua mwenyewe.

Kuna mtu mmoja wa Mikindani ambaye jina lake lilinusurika. Ni Msomali, kiongozi wa njia, na Livingstone anamwandika Ben Ali, au Bon Ali, hana hakika. Alikubaliwa reale 20 kuupeleka msafara mpaka Ngomano, pale Lujenda inapoingia Ruvuma. Hebu pima bei: mtu mmoja kujua njia ya wiki kadhaa kulikuwa sawa na kodi ya nyumba miezi mitano. Mikindani ya wakati ule iliuza ujuzi kwa bei kubwa kuliko mawe. Msomali alifikaje huko, aliijuaje njia ya Wamakonde, na alikuwa na watoto mji gani? Hayo ndiyo mafumbo yangu. Ningempa Ben Ali kibao kesho.

Waliondoka mwanzoni mwa Aprili, na hata kuondoka hakukwenda kwa heshima. Asubuhi ya safari nyati mmoja alimpiga punda pembe vibaya, punda ikabidi apigwe risasi, na nyati akakatwa ncha za pembe kwa kuchelewa. Nyuma ya wanyama wakafuata watu: askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Nzuwani, vijana 9 waliosomeshwa Nasik huko India, wawili wa Shupanga ambao ni Susi na Amoda, na vijana wawili wa Kiyao, Wekatani na Chuma. Mbele ya wote walikwenda Wamakonde wa kukodi, na mashoka, kwa sababu kichaka cha huko kilikuwa kinene mno na ngamia ni mrefu. Livingstone alishangaa kwa kasi na ufundi wao wa kufyeka. Wanyama hawakufika mbali. Walikufa mmoja mmoja njiani, kwa mbung'o au kwa mateso ya wale askari wa Kihindi, hoja ambayo Livingstone mwenyewe hakuweza kuiamua.

Katika orodha hiyo yumo mtu ambaye Mikindani ingepaswa kumdai kwa haki zaidi kuliko bwana wake. Chuma alipita hapa 1866 akiwa kijana aliyekombolewa kutoka mnyororo wa watumwa miaka mitano tu kabla. Mwaka 1873 yeye na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwaka 1881 akarudi Mikindani, safari hii kiongozi wa msafara. Sayyid Barghash alisikia kwamba bonde la Ruvuma lina makaa ya mawe, na alikuwa na meli za moshi za kulisha, akamtuma Mskochi mwingine, kijana Joseph Thomson, akaangalie. Aliyewaongoza wachukuzi na kuzungumza na wenye nchi alikuwa Chuma. Makaa hayakuwa makaa: mwamba mweusi usiofaa kitu, na Barghash hakufurahi. Mwaka uliofuata Chuma akafariki. Mji huu ulimwona mtu huyo akitoka kwenye orodha ya watoto waliookotwa mpaka kuwa kichwa cha msafara, na haukumwekea hata kigogo cha kukalia.

Nilizoea Mikindani nikiwa mdogo kwa sababu isiyo na historia ndani yake: ming'oko. Akina mama walishuka nayo kutoka vijijini, mizizi myembamba ya porini, wameichimba wenyewe, wameichemsha, na waliipanga kwa mafungu juu ya majani ya mgomba karibu na stendi. Unaimenya kwa vidole, ganda linatoka kwa urefu, ndani nyeupe, utamu wake ni wa kimya na una vumbi kidogo. Mwenye pesa alichanganya na ngisi wa kukaanga. Nyanya yangu alikuwa akisema mtu asiyekula ming'oko hawezi kuambiwa siri za Mikindani, na nilipomuuliza siri zenyewe ni zipi alisema nimalize kula kwanza. Kuhusu nyumba ya Livingstone alikuwa na neno moja tu: kwamba wakati wa utoto wake haikuitwa hivyo. Iliitwa kwa jina la Mhindi aliyekuwa akiuza nguo humo.

Siwalaumu peke yao vijana wa utalii. Tabia ya kuupima mwambao huu kwa wageni wake wa ajabu imefika mpaka Msimbati. Huko Ruvula, kwenye rasi ya Ghuba ya Mnazi, pana gofu la nyumba ya Mwingereza Latham Leslie-Moore, mtumishi wa serikali mstaafu aliyejenga kwenye mchanga mweupe, kisha akapata wazo kwamba rasi ile iwe nchi huru, huku yeye mwenyewe akiwa ndiye mkubwa wake. Mwaka 1967 serikali ikamfukuza. Mwandishi wa Kimarekani John Heminway alimwandika katika kitabu *No Man's Land*, na tangu hapo kila anayekwenda kuogelea Msimbati anasimuliwa habari za mfalme Mzungu wa minazi. Ni hadithi tamu, nami naipenda. Lakini Wamaraba na Wamakonde wa Msimbati walikuwa wakivua pale kabla hajaja, na waliendelea kuvua alipokwisha kwenda. Nani kati yao aliulizwa kama anataka kuwa raia wa nchi ile mpya? Aliyekuwa akimpelekea samaki alilipwa kwa fedha za nani?

Mengine nayapitia mbio, kwa kuwa yana vitabu vyake. Septemba 1888 watu wa pwani na Wayao waliwatimua maofisa wa kampuni ya Kijerumani kutoka Mikindani na Lindi. Mei 1890 Wajerumani wakarudi na kamanda wao Wissmann, na mizinga. Boma likajengwa 1895, leo ni hoteli, na limekarabatiwa vizuri kuliko chochote kingine mjini. Mwaka 1894 Wajerumani waliruka hata ng'ambo ya Ruvuma wakashika pembetatu ya Kionga, wakibishana na Wareno kuhusu kipande cha mikoko na minazi. Wareno walikitwaa tena 1916, na Mkataba wa Versailles ukawaachia. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alivukia Ngomano, mahali pale pale pa Ben Ali. Baada ya vita vya pili Waingereza wakaja na karanga. Mradi ulikufa 1951, lakini uliacha bandari ya kina kirefu Mtwara, iliyofunguliwa 1954, na reli iliyong'olewa mapema miaka ya 1960, na kwa bandari hiyo Mikindani ikapoteza meli, maofisa na maduka kwa mpigo mmoja. Kisha korosho. Kisha gesi: iligunduliwa Ghuba ya Mnazi 1982, ikaanza kuwasha taa za Mtwara miaka 25 baadaye, na mwaka 2013 watu wakaingia barabarani kwa sababu bomba lilikuwa linaelekea Dar es Salaam. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu 2000. Mwaka 2021 watu wa Palma, ng'ambo ya Msumbiji, wakikimbia mashambulizi waliukimbilia mto huo huo ambao Livingstone hakuweza kuuingia, wakauvuka kwa mitumbwi.

Naomba kitu kimoja kwa familia za Magengeni na Mitengo zenye masanduku ya zamani, hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, daftari za Kigujarati, au hata babu mwenye kumbukumbu ya babu yake. Livingstone alikodi kwa mwezi, akakaa wiki kama mbili, na aliacha ua uliokanyagwa na ngamia sita na kuchafuliwa damu ya punda. Mjukuu wa mwenye nyumba, popote ulipo, jitokeze utuambie kama mzee alirudisha reale mbili au alizikata za usafi.